Somo la Kwanza la Kiitalia: Mwalimu Anapokaa Tena Kwenye Dawati

Kila mwanachuo anayepelekwa shuleni kwa mazoezi ya kufundisha hutakiwa aandike tathmini fupi chini ya andalio lake la somo baada ya kila kipindi. Tulipokwenda Mafia kuwakagua walimu wanafunzi 14 waliokuwa wakifundisha Kilindoni na katika vijiji vya jirani, tulizisoma tathmini hizo usiku, daftari baada ya daftari. Kwa upande wa somo la Kiingereza tulikuta sentensi moja imejirudia katika madaftari tisa, kana kwamba wenyewe walikaa wakaiandika pamoja: wanafunzi ni wazito, hawajibu wanapoulizwa. Mmoja alikuwa ameongeza kwa wino mwekundu kwamba watoto wa kisiwani hupenda bahari kuliko shule.

Mchana wa siku hiyohiyo, huko Utende, tulikuwa tumemwona mtoto wa darasa la nne akiwahesabia wageni madafu yake kwa Kiitalia, kuanzia uno hadi dieci, bila ya kusita. Lugha hiyo hakufundishwa na mwalimu yeyote. Ameiokota pwani, kama aokotavyo simbi, kwa kuwasikiliza wageni wanaokuja kuogelea katika Ghuba ya Chole na kumtazama papa potwe. Basi tukajiuliza: uzito ule ulioandikwa madaftarini umekaa wapi, kwa mtoto au kwa kipindi?

Tungeweza kuwahutubia wanachuo juu ya jambo hili, lakini hotuba za wakaguzi wamezizoea. Tuliona ni heri wakae wao wenyewe madawatini. Jumamosi asubuhi tuliwakusanya katika chumba kimoja cha shule ya msingi, tukawafundisha somo la kwanza la Kiitalia, lugha ambayo hata mmoja wao hakuijua. Sisi tuliipata katika kozi ya mwanzo ya chuo kikuu. Si mabingwa wake, na hilo litaonekana mbele.

Yafaa tuseme kwanza kwamba Kiitalia si kigeni sana katika pwani yetu kama mtu anavyoweza kudhani. Malindi na Watamu kimesikika tangu miaka ya 1960, Waitalia walipojenga karibu na Ngomeni kituo cha kurushia setilaiti. Setilaiti ya kwanza ilirushwa kutoka jukwaa la baharini la San Marco mwaka 1967. Watalii wakafuata, na baadaye hoteli za Kiwengwa huko Unguja. Vijana wa sehemu hizo huzungumza Kiitalia bila ya kuwa na daftari. Upande wa pili iko njia ya dawati. Mjini Perugia, Italia, chuo kikuu cha kuwafundisha wageni kilianzishwa mwaka 1925. Huko Mogadishu, katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Somalia, vitivo vingi vilifundisha kwa Kiitalia hadi vita ya mwaka 1991, na mwanafunzi alianza kwa kusomeshwa lugha yenyewe kabla ya kuingia katika mihadhara. Nao watu wa Barawa, wasemao Chimwini, lahaja ya Kiswahili ya upande wa kaskazini kabisa, walikisikia Kiitalia ofisini na shuleni katika zama za ukoloni, na tena kuanzia 1950 hadi 1960 Italia ilipoisimamia Somalia kwa niaba ya Umoja wa Mataifa. Maneno kadhaa ya Kiitalia yamesalia katika Chimwini hata leo.

Kozi ya mwanzo ya chuo kikuu haitofautiani sana popote itolewapo. Huanza kwa maamkizi, ikaja alfabeti, vitenzi viwili vya kuwa na kuwa na kitu, majina na viambishi vyake, vitenzi vya kawaida, hesabu, saa, na mwishowe wakati uliopita. Katika somo letu tulichukua kipande kidogo tu cha mwanzo.

Kosa ambalo halikuwa kosa

Zana zetu zilikuwa samaki mmoja, kamba, chumvi katika kikombe, kipande cha wavu na nazi. Tuliamua tusiseme neno la Kiswahili kwa muda wa dakika kumi. Tulimwinua samaki, tukasema mara tatu, polepole: È un pesce. Kisha tukamwelekea mwanachuo wa mstari wa mbele, tukamwuliza: Che cosa è?

Hakujibu. Aliinamisha kichwa. Tukarudia swali kwa sauti kubwa zaidi, kama walimu wote wafanyavyo ingawa hakuna kiziwi darasani. Akazidi kuinama. Tukamwendea wa pili, naye akatabasamu akamtazama jirani yake. Katika dakika kumi hizo waliofungua vinywa ni watatu tu kati ya 14.

Baada ya kipindi yule wa kwanza alitueleza yaliyomsibu. Maneno che cosa hutamkwa "ke kosa", na maana yake ni "kitu gani". Yeye alisikia "kosa". Alidhani amekwisha kukosea kabla hajasema lolote, na tuliporudia kwa sauti kubwa alidhani tumekasirika. Wenzake wakacheka sana, kisha kicheko kikakatika ghafla, maana mmoja wao alikumbuka tathmini yake ya juzi. Hatukulitaja sisi neno "wazito", walilitaja wenyewe.

Twaomba msomaji alitafakari tukio hili kidogo. Mwanafunzi yule hakuwa mvivu, wala hakukosa akili. Alikuwa akifanya kazi ambayo kila asikiaye lugha ngeni huifanya: kuyapokea masikioni maneno mageni na kuyatafutia nyumba katika lugha aliyo nayo. Kimya chake kilikuwa kimejaa. Mwalimu aliye mbele hakioni kilichomo. Huona kichwa kilichoinama tu.

Maneno ya namna hiyo ni mengi baina ya Kiitalia na Kiswahili, na kwa mtoto wa Mafia yana ladha ya pekee. Casa hutamkwa "kasa", na maana yake ni nyumba. Ilhali kasa wa hapa hutaga mayai katika fukwe za kisiwa cha Juani. Papa katika Kiitalia ni mkuu wa Kanisa Katoliki, na likitiwa mkazo mwishoni, papà, huwa ni baba. Hebu fikiri mvuvi anapomwonyesha mgeni papa potwe. Pera ni tunda kwetu na kwao, lakini si tunda lilelile. Tulipoyatumia maneno haya katika sehemu ya pili ya kipindi, wanachuo walicheka, na yale yaliyowachekesha ndiyo waliyoyakumbuka Jumatatu.

Herufi zinazodanganya

Katika kozi yetu ya chuo kikuu tulipewa kitabu siku ya kwanza tukaambiwa tusome kwa sauti. Mwenzetu mmoja alikutana na neno chiesa, yaani kanisa, akalisoma kama Mswahili yeyote angelisoma: "chi-e-sa". Mkufunzi alicheka, na darasa likacheka kwa kumfuata. Neno hilo husomwa "kiesa". Mwenzetu huyo alikuwa hodari kutupita wengi, lakini hatukuisikia tena sauti yake hadi mwisho wa muhula.

Na kosa lenyewe lilitokana na elimu yake. Alfabeti ya Kiitalia ina herufi 21, na k si mojawapo. Sauti ya k huandikwa kwa c ikiwa mbele yake mna a, o au u. C hiyohiyo ikifuatwa na e au i huwa ni ch yetu. Ili kuirudisha sauti ya k mbele ya e na i, Waitalia huingiza h. Kwa hiyo ci husomwa "chi", na chi husomwa "ki". Kinyume kabisa cha mazoea yetu. Pesce, samaki, husomwa "peshe", lakini pesca, uvuvi, ni "peska". Gn ni ny yetu. H peke yake haitamkwi kamwe.

Kiswahili kilichosanifiwa tangu Kamati ya Lugha ilipoundwa mwaka 1930 kina tahajia iliyo nyoofu: kila herufi na sauti yake. Hiyo ni neema kwa mtoto anayeanza kusoma, lakini humjengea imani kwamba herufi haiwezi kusema uongo. Imani hiyo huvunjika anapofikia Kiingereza, ambacho tahajia yake ina vurugu kuliko ya Kiitalia mara nyingi. Kwa sababu hii hatukuandika chochote ubaoni katika nusu ya kwanza ya kipindi. Sikio litangulie, ulimi ufuate, na jicho lije mwisho kuthibitisha kile ambacho masikio yamekwisha kukijua. Mwalimu aandikaye neno ubaoni kabla halijasikiwa huwafanya wanafunzi walitamke kwa macho.

Jina la kisiwa chenyewe ni mfano mzuri. Wageni wa Kiitalia hutabasamu wasikiapo "Mafia", nao watoto hawajui sababu. Jina letu halina uhusiano na genge la Sicilia: Wareno waliandika Monfia katika ramani zao karne nyingi kabla neno la Sicilia halijavuma, jambo lililotokea baada ya 1860. Zaidi ya hayo, ukisikiliza vizuri si neno moja. Sisi tuna silabi tatu, Ma-fi-a, na mkazo uko katikati. Mwitalia ana silabi mbili, na mkazo uko mwanzoni, kama kwamba imeandikwa "Mafya". Tuliwapigisha wanachuo makofi kwa kila silabi, mara kwa namna yetu, mara kwa namna yao. Zoezi hilo halina gharama.

Habari ya mkazo ina mtego mwingine. Maneno mengi ya Kiitalia huwekwa mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho kama yetu, na mengi huishia kwa irabu. Kwa hiyo Mswahili husikika vizuri mapema, akajiamini, kisha akateleza penye isola, kisiwa, ambalo mkazo wake uko katika i ya mwanzo. Wanachuo wote 14 walisema "i-so-la" wakikaza so. Hatukusema "si hivyo". Tulikionyesha kisiwa cha Chole katika ramani, tukalitamka neno sawasawa, tukaendelea. Mara ya tano wengi walikuwa wamejirekebisha.

Yale waliyokuwa nayo tayari

Sasa tufikie lililotushangaza wenyewe. Kiitalia hugawa majina katika makundi mawili, ya kiume na ya kike, na kivumishi lazima kifuate jina kwa jinsia na kwa idadi. Waingereza wanaojifunza Kiitalia huhangaika sana hapa. Tulisema barca nuova, mashua mpya. Kisha tukachora mashua mbili, tukasema barche nuove. Tukamwinua samaki: pesce fresco, tukachora wa pili: pesci freschi, yaani "peshi freski". Hatukueleza kitu. Mwanachuo mmoja akasema kutoka nyuma, "Mbona hizi ni ngeli?"

Ni ngeli hasa. Asemaye kisiwa kidogo na visiwa vidogo tangu utotoni hahitaji kufundishwa kwamba jina hutawala maneno yaliyo jirani nalo. Anahitaji kuonyeshwa tu kuwa Waitalia hulifanya jambo hilo mkiani mwa neno, ilhali sisi hulifanya kichwani. Hata pale ambapo umbo la jina hudanganya, Mswahili ana uzoefu. Mano, mkono, laishia kwa o kama majina ya kiume, lakini ni la kike: la mano. Mwanafunzi akilalamika, mkumbushe kwamba sisi husema "kijana mrefu", hatusemi "kijana kirefu". Kwao na kwetu, jina laweza kuvaa nguo ya kundi moja na kuishi katika jingine. Huko Napoli, katika chuo kikuu kiitwacho L'Orientale, vijana wa Kiitalia husoma Kiswahili, na bila shaka huko nako yuko mwalimu anayewavusha katika daraja hilihili kutoka ng'ambo ya pili.

Vitenzi ni vivyo hivyo. Parlo ni "nasema", parli "wasema", parla "asema", parliamo "twasema". Sisi humtaja mtendaji mlangoni, wao humtaja uani. Lakini wote wawili hatuhitaji kusema "mimi" ila kwa kutilia nguvu. Pamoja na hayo wanachuo wetu walishikilia kusema io parlo, io mangio, mimi nasema, mimi nala, kila mara. Tulipochunguza tuligundua kwamba walikuwa wakipitia Kiingereza. Shule iliwafundisha kuwa lugha ya kigeni haiendi bila ya kiwakilishi mbele, nao wakaamini kuwa kila lugha ya kigeni ni Kiingereza cha namna nyingine. Walikuwa na mashua yao nyumbani wakaenda kuazima ya jirani, tena inayovuja.

Jambo gumu zaidi lilikuwa konsonanti zilizokazwa. Sete ni kiu, sette ni saba; nono ni wa tisa, nonno ni babu. Wengi wetu katika kozi ya chuo kikuu tulichukua miezi kabla ya kuisikia tofauti, kwani tuliambiwa tu "vutia zaidi". Mafia tulijaribu njia nyingine. Tulimwomba mwanachuo aliyezaliwa Jibondo aseme "kaa" la moto, kisha "kaa" wa pwani, akiweka kiganja mbele ya kinywa. Katika la pili pumzi ilimpiga mkononi. Wenzake wa bara hawakuwahi kuijua tofauti hiyo, wala haiandikwi katika kitabu chochote cha shule, lakini watu wa pwani huisema kila siku. Kutoka hapo tukapita kwenye neno "nne", ambalo n yake husimama peke yake kidogo kabla ya kuendelea, tukawaambia wakae vivyo hivyo katikati ya nonno. Kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo, wa Jibondo ndiye aliyekuwa akiwafundisha wengine. Tena ndiye yule aliyeinamisha kichwa.

Tulipita upesi katika maneno ya Kiarabu yaliyoingia lugha zote mbili, ingawa wanachuo waliyapenda: zucchero na sukari, zero na sifuri, tariffa na taarifa, zafferano na zafarani. La mwisho hununuliwa duka lolote la viungo. Twamshauri mwalimu ayatumie kama chumvi, si kama chakula, maana taarifa yetu ni habari, na tariffa yao ni orodha ya bei.

Kuhusu adabu hatukuweza kupita upesi. Kila kijana wa pwani aijua salamu ciao, "chao", na humrushia yeyote, hata bibi wa Kiitalia mwenye mvi. Katika Kiitalia hiyo ni salamu ya watu waliozoeana; kwa mtu mzima usiyemjua ni buongiorno, na vitenzi navyo hubadilika kwa heshima. Tuliwauliza wanachuo wangemwonaje mtoto anayemwambia mzee wa Chole "mambo". Walielewa mara moja. Cha ajabu ni kwamba ciao yenyewe ilitokana na neno la watu wa Venezia lenye maana ya "mtumwa wako", kama vile shikamoo yetu inavyoelezwa kuwa ni "nashika miguu yako". Salamu mbili za kujishusha, moja ikabaki kwa wakubwa na nyingine ikaenda kucheza na vijana.

Saa nazo zilituchukua dakika chache. Sono le sette asubuhi ni saa moja kwetu. Mwanafunzi asiambiwe kuwa Waswahili huhesabu "kinyume", kwani Waitalia wenyewe waliwahi kwa karne kadhaa kuhesabu saa zao kuanzia machweo ya jua.

Mwishoni mwa kipindi tuligeuza kazi: mwanachuo aje mbele, achukue kitu, atuulize sisi. Walikwishazoea sasa, na che cosa è? ilitoka vinywani kwa sauti kubwa. Samaki, kamba, chumvi, wavu, tulijibu vyote. Wa Jibondo alikuja wa mwisho. Hakuchukua chochote mezani. Alitoka nje, akarudi na kifuu cha nazi kilichotobolewa, ambacho mtoto fulani alikuwa akikichezea, akakiinua juu.

Che cosa è?

Hatukujua. Kozi ya chuo kikuu haikuwa na kifuu. Tulisimama mbele ya wanachuo 14, na kimya chetu kilikuwa kirefu kidogo kuliko tulivyopenda. Kisha tukasema sentensi ambayo haikuwamo katika andalio letu: Non lo so, sijui. Wakatuomba tuirudie. Tukairudia, tukaiandika ubaoni, nao wakainama wote wakainakili.